Pini Mdomoni

"Kumi na moja nukta mbili," nesi wa kliniki ya macho akasema, akakigeuza kipimo cha sukari ili mgonjwa asome mwenyewe. Kazi bure. Mgonjwa alikuwa anauona hata ukuta wa mbele yake kama uko nyuma ya chandarua, sembuse tarakimu zenye ukubwa wa punje ya mchele.

"Ndiyo mbaya hiyo?" akauliza.

"Mama, unataka huyo mtoto wa jicho atolewe au hutaki?"

"Nataka hata leo hii, kabla ya chakula cha mchana."

"Basi nisikilize vizuri. Daktari wa upasuaji anakuja hapa mara mbili tu kwa mwaka. Safari hii anakuja wiki tano kutoka leo, sikukuu zikishapita. Jina lako lipo kwenye orodha. Lakini asubuhi hiyo tutakupima sukari kabla hujatia kitu tumboni. Ikizidi nane, hakugusi. Unarudi nyumbani na macho yako hayo hayo, unasubiri miezi sita mingine. Vidonge unameza?"

"Kila siku. Sijaruka hata kimoja."

"Vidonge peke yake havitakufikisha. Mdomo na miguu, mama. Punguza kinachoingia, ongeza mwendo."

Haya. Wiki tano, na wiki zenyewe ndizo hizo za sikukuu, ambazo watu wazima na akili zao hula kama wanaokwenda kufungiwa chakula mwakani. Mama wa watu akatoka pale kliniki anapapasa ukingo wa ngazi.

Alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Bi Mkasi. Wageni walidhani ni kwa sababu ya ule mkasi mkubwa mweusi uliokuwa haumtoki mkononi. Wenyeji walijua ni kwa sababu ya mdomo, maana mama huyu alikuwa akikuambia ukweli wako huku anakupima kiuno. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akishona kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango umeelekea barabarani. Meza ya kukatia ilikuwa upande huu, cherehani upande ule, kioo kirefu katikati, na pazia la maua ambalo wateja walijificha nyuma yake wakibadilisha nguo. Hakuna harusi, hakuna mahafali, hakuna siku ya kwanza ya shule iliyopita mtaani pale bila mkono wake.

Na sasa macho yalikuwa yanamwacha. Alianza kuona ukungu mwaka uliopita, akasema ni vumbi la vitambaa. Ukungu ukazidi, akasema ni balbu. Akabadilisha balbu tatu! Hatimaye mumewe, ambaye ni fundi rangi, akamshika mkono akampeleka kliniki kwa nguvu. Tangu siku hiyo siri ilikuwa ya watu wawili tu, yeye na mumewe. Kila alfajiri, kabla hajabeba ndoo zake za rangi, mzee yule aliketi kitandani akatunga uzi kwenye sindano ishirini, akazichomeka kwenye kimto, mkewe azitumie mchana kutwa. Kwenye cherehani Bi Mkasi hakuwahi kuutoa uzi tunduni. Alikuwa akifunga uzi mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, anavuta taratibu hadi fundo lipite. Mengine yote aliuachia mkono. "Mkono wangu unajua njia," alikuwa akimwambia mumewe, na mzee akiitikia tu, kwani angefanyaje?

Mbona asiwaambie watu? Hebu fikiri. Nani atampa kitambaa chake kipya fundi asiyeona? Na wiki hizi za kabla ya sikukuu ndizo zilizokuwa zikimlisha nusu ya mwaka. Tena alijua fika kwamba miezi sita mingine hataweza kuificha. Upasuaji ukiahirishwa, mlango ule wa barabarani utafungwa, na mama aliyezoea kuwaambia watu ukweli wao atakaa ndani kuambiwa wa kwake. Hilo hakulitaka kabisa, hata kidogo.

Basi akajifunga kibwebwe. La kwanza, miguu. Miaka mitatu nyuma mwanawe aliyeko mbali alimletea mota akaifunga kwenye cherehani, ikawa kazi ya mguu ni kugusa tu kwa kidole. Alipotoka kliniki siku ile, Bi Mkasi akamwambia mumewe, "Ifungue."

"Mota? Msimu huu wa kazi nyingi?"

"Ifungue, mzee wangu. Nataka kusukuma kwa miguu kama zamani."

Ikafunguliwa, mkanda wa ngozi ukarudishwa, na kuanzia asubuhi ile pedeli ikaanza kugonga. Siku ya kwanza alisukuma nusu saa, akatoka hapo anatembea kama aliyeshuka kwenye farasi. Siku ya tano alikuwa anasukuma asubuhi nzima huku anaimba, na kuimba kwenyewe, wallahi, afadhali ile mota.

La pili, mwendo. Zamani wateja walikuja kuchukua nguo zao wenyewe. Mwaka huu Bi Mkasi akatangaza kwamba atapeleka nyumba kwa nyumba, na marekebisho ya mwisho atayafanyia huko huko. Watu wakafurahi kweli, wakasema fundi amekuwa wa kisasa. Akapanga nguo kwenye mfuko, akavaa raba za mumewe, akaondoka.

Lo! Hakujua anajipeleka mwenyewe kwenye mdomo wa simba. Nyumba ya kwanza, keki. Nyumba ya pili, wali na nyama, "kidogo tu fundi, kwa heshima ya nguo." Nyumba ya tatu, soda mbili, moja ya kukaribishwa na moja ya kuagwa. Ukikataa unaulizwa unaumwa nini. Ukisema umeshiba unaambiwa onja tu. Ukionja unaongezwa. Jioni akarudi nyumbani, akajitupa kitini, akalegeza ukanda wa gauni.

"Nimetembea kilomita nne," akamwambia mumewe, "na nimekula nyumba tano."

Mumewe akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, kwa mwendo huo, ukifika mwisho wa mtaa tutakuja kukubiringisha."

"Cheka tu. Wewe si ndiye unayenitungia sindano? Utatunga mpaka uzeeke."

Lakini hakucheka yeye. Usingizi ulimkimbia, akawa anahesabu siku.

Dawa ya ugonjwa huo ilikuja kwa bahati tu, nyumbani kwa dereva wa lori. Dereva alikuwa bonge la mtu, na alikuwa amesimama juu ya stuli anajaribu suruali yake ya sikukuu. Bi Mkasi amepiga magoti chini anakunja pindo, na kama ilivyo kwa mafundi wote duniani, pini zake ziko mdomoni, sita, zimebanwa kwenye kona ya midomo. Mara mke wa dereva akatokea na sahani ya keki, vipande vitatu vimerundikana.

"Fundi, karibu keki."

"Mmh," Bi Mkasi akasema, maana huwezi kusema lingine ukiwa na pini sita.

Mke wa dereva akasimama na sahani, akangoja. Bi Mkasi akachomeka pini moja, akaitoa, akaichomeka pengine, akairudisha mdomoni. Yule mama akangoja, akahamisha sahani kutoka mkono huu kwenda ule. Akangoja tena. Mwishowe akasema, "Ah, una kazi fundi, acha nisikusumbue," akairudisha keki jikoni.

Bi Mkasi alibaki amepiga magoti, ameduwaa. Ina maana ilikuwa rahisi hivi? Akamaliza pindo, akakusanya vitu vyake, akaaga kwa kupunga mkono, pini bado ziko mdomoni, akatoka nazo hadi barabarani. Alipokata kona akacheka nusura ameze moja.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yake. Akifika mlango wa mteja anasimama kwanza, anatoa pini tano kwenye kimto, anazipanga kwenye kona ya mdomo, ndipo anabisha hodi. Akajitengenezea na lugha yake. "Mmh" fupi ni ndiyo. "Mm-mm" ni hapana. "Mmmmmh" ndefu inayopanda juu ni kushangaa. Na ajabu ni kwamba watu waliipenda! Bi Mkasi aliyejulikana kwa ulimi mkali sasa alikuwa anasikiliza tu. Wateja wakamweleza mambo ya wakwe zao, ya mabosi wao, ya wapangaji wa ghorofani. Yeye "mmmmmh," nao wanaendelea kumwaga. "Fundi siku hizi umekuwa mtu wa hekima," mama mmoja akamwambia, na Bi Mkasi akataka kumjibu alivyostahili, lakini ndiyo hivyo, pini.

Wiki mbili zikapita hivyo. Alikuwa anatembea, anasukuma pedeli, hagusi keki wala soda, na sketi zake zilikuwa zinamzunguka kiunoni. Akaenda kliniki kupima akiwa amejaa matumaini tele.

"Tisa nukta sita," nesi akasema.

Mama wa watu machozi yakamlengalenga. "Haiwezekani. Pima tena. Mimi nalala njaa!"

"Imeshuka, mama, usiseme haijashuka. Ila haijafika. Niambie, unakunywa nini?"

"Sijagusa soda. Nakunywa sharubati tu. Matunda matupu, nakamua mwenyewe, sitii hata kijiko cha sukari."

"Glasi ngapi kwa siku?"

"Glasi?" Bi Mkasi akauliza. "Ninakunywa jagi."

Nesi akaweka kalamu chini. Alijaribu kujizuia, wapi, kicheko kikamtoka. "Mama yangu, kwenye jagi moja la sharubati kuna matunda mangapi? Ungeyala yote hayo kwa kutafuna?"

"Ningeyalaje yote? Meno yangu yenyewe haya."

"Basi usiyanywe. Sukari ya tunda ni sukari, na ukishalikamua inaingia mbio. Kula tunda moja, litafune. Ukiwa na kiu, kunywa maji."

Bi Mkasi akarudi nyumbani amejikasirikia mwenyewe. Wiki mbili nzima anawakimbia watu na sahani zao, kumbe adui amemweka mwenyewe mezani, amemfunika na kitambaa cha maua! Jagi lile akampa mumewe achanganyie rangi.

Zikabaki wiki tatu, na nguo moja ambayo alikuwa akiikwepa kuipeleka. Ilikuwa gauni la Dada Mkubwa.

Dada Mkubwa alikuwa dada yake wa tumbo moja, mkubwa kwake kwa miaka tisa. Maisha yake yote alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Amestaafu, lakini vipimo havikustaafu. Mama yule hakujua kupika chakula cha watu walio chini ya hamsini. Ukimtembelea peke yako, unakula sehemu yako na ya wale arobaini na tisa ambao hawakuja.

Bi Mkasi akafika, pini zake zipo mahali pake. Dada akamfungulia, akamtazama juu hadi chini.

"Umekonda."

"Mmh."

"Kaa. Chakula tayari."

"Mm-mm," akaonyesha gauni, akaonyesha futi ya kupimia, akaanza kumzunguka dada yake kwa bidii. Dada Mkubwa hakusogea. Alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, kama alivyokuwa akisimama mbele ya foleni ya wanafunzi.

"Toa hizo pini."

"Mm-mm."

"Mdogo wangu, mimi ndiye niliyekufundisha kutembea. Mimi ndiye niliyekuosha pua. Toa pini, uziweke hapa," akakinga kiganja, "nizihesabu."

Akazitoa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Na ya tano ilipotoka, maneno nayo yakatoka yote kwa mpigo. Ukungu, kliniki, nane, daktari wa mara mbili kwa mwaka, sindano ishirini za alfajiri, lile jagi. Aliongea mpaka sauti ikakatika. Dada Mkubwa akaketi polepole kwenye kochi.

"Na mimi hukuniambia," akasema. Iliuma, na sauti ilionyesha kwamba iliuma.

"Dada, ningekuambiaje? Wewe hujui kunyamaza."

"Mimi?"

"Wewe. Mimba yangu ya kwanza si uliitangaza bwaloni?"

"Ilikuwa habari njema!" Dada akajitetea. Halafu akainuka, akafunika masufuria yote manne, akarudi na sahani yenye kipande cha samaki, mboga za majani na kiazi kimoja kidogo, kinaonekana kipweke. "Kula hiki. Na siri yako iko hapa," akajipiga kifuani, "haitoki."

Nakwambia, Dada Mkubwa aliikalia siri hiyo kwa muda wa kutosha kuvaa viatu. Bi Mkasi hajafika nyumbani kwake, nusu ya mtaa ilikuwa imeshajua kila kitu pamoja na ile nukta sita. Lakini mpishi mkuu ni mpishi mkuu. Nyumba kwa nyumba aliwaapisha watu kwamba atakayemwonyesha fundi kuwa anajua, atakutana na yeye.

Basi Bi Mkasi, bila kujua lolote, akaanza kuona mambo. Kwa mke wa dereva alipewa chai haina hata chembe ya sukari. Nyumba iliyofuata, matango. Nyumba ya tatu, ambako mwaka jana walimpa keki nusu nzima, wakamletea karanga kwenye kisosi, na karanga zenyewe zinahesabika.

"Watu wa mtaa huu wamekuwa wachoyo!" akamwambia mumewe jioni. "Sikukuu gani hii? Matango! Mimi nimewashonea watoto wao tangu wako kwenye nepi!"

Mumewe akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. "Maisha yamekuwa magumu, mama," akasema.

"Magumu wapi! Dereva amenunua televisheni."

Hata hivyo uchoyo ule ulimfaa. Pini zikaanza kubaki kwenye kimto, maana hapakuwa na cha kukimbia, na ulimi wa Bi Mkasi ukarudi kazini, mtaa ukaupokea kwa furaha. Kisha kuna asubuhi moja Mwalimu wa Hesabu, jirani wa nyumba ya tatu, akapita mlangoni amevaa kaptura. Watu walikuwa hawajawahi kuona magoti yake.

"Fundi, nataka kunyoosha miguu kidogo likizo hii," akasema, "lakini peke yangu naona uvivu. Nisindikize mpaka uwanjani."

"Mwalimu, kwa magoti hayo bora tutembee gizani," Bi Mkasi akamjibu, lakini akavaa raba zake.

Kesho yake mke wa dereva akaungana nao. Keshokutwa dereva mwenyewe akaja, analalamika kila hatua, anauliza kama kuna njia ya mkato. Wiki haijaisha walikuwa kumi na wawili, kila alfajiri, wanazunguka uwanja wa mpira mara nne. Bi Mkasi yuko mbele, maana hakutaka mtu ajue kwamba anafuata mstari mweupe wa chokaa kwa kuwa ndicho kitu pekee alichokuwa akikiona. Nyuma yake watu wanacheka, wanataniana, wanasimuliana ndoto zao. Alikuwa na furaha ambayo hakuitarajia. Alikuwa amejiandaa kwa wiki za kuteseka peke yake, na badala yake akawa anaamka kabla ya jogoo anasubiri kusikia miguu ya watu mlangoni.

Siku yenyewe ya sikukuu wote wakakutana kwa Dada Mkubwa, ndugu, jamaa na majirani. Dada alipika samaki wa kuchoma, maharage, na mboga za majani za kutosha kikosi kizima. Wali aliupakua yeye mwenyewe kwa kikombe cha kahawa, na mtu akinyoosha sahani mara ya pili anapigwa mwiko wa mkono. Baada ya kula hakuna aliyeruhusiwa kulala. Kamba ikatolewa, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Bi Mkasi akawekwa mwisho kabisa wa kamba. Kwa miguu iliyosukuma pedeli wiki nne, alichimba visigino ardhini akasema hatoki mtu, na hakutoka. Wanaume wakaja wote kwa pamoja, wakaangukiana rundo moja, dereva wa lori juu ya Mwalimu. Bi Mkasi alicheka hadi akalala chini. Watu wote walikuwa wamevaa nguo alizowashonea, na ingawa kwake zilikuwa ni rangi tu zilizochanganyikana kwenye ukungu, aliziona zimependeza kuliko mwaka wowote.

Asubuhi ya upasuaji ikafika. Bi Mkasi alikaa kwenye benchi la kliniki na tumbo tupu, mumewe kamshika mkono. Nesi akamtoboa kidole. Kile kipimo kikakaa kimya, kikakaa kimya tena. Bi Mkasi akafumba macho, ingawa kwa hali yake tofauti ilikuwa ndogo.

"Sema, mwanangu. Hata kama ni mbaya, sema."

"Subiri, mama, inasoma."

Mumewe akaanza kusali kwa sauti. Nesi akamwomba asali kimoyomoyo.

"Sita," nesi akasema, "nukta tisa."

Vifijo vilivyopigwa pale vilimleta daktari mbio, anauliza nani ameanguka.

Kesho yake bandeji ikatolewa. Bi Mkasi akafumbua jicho taratibu. Ukuta ulikuwa mweupe, mweupe kweli, na una nyufa. Mbele yake alikaa mwanamume mzee mwenye mvi nyingi kuliko alivyokumbuka, anatabasamu kwa hofu. Akamtazama sana.

"Hiyo rangi ya kijani iliyo sikioni mwako ni ya lini?"

"Ya mwezi wa sita," mumewe akajibu, akaanza kulia kwa furaha palepale.

Wiki tatu alikatazwa kushona, kuinama na kubeba vitu vizito. Akawa anakaa mlangoni na miwani myeusi, anatazama mtaa kama mtu aliyeletewa sinema bure. Aliona kila kitu. Lakini kuna jambo moja lilianza kumkera. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa akipita na nguo aliyomshonea yeye.

"Lile gauni lako la sikukuu liko wapi?" akamuuliza mke wa dereva.

"Nimelifua."

"Wiki tatu unalifua?"

Yule mama akakumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria jikoni. Dada Mkubwa naye, alipoulizwa, akasema lake limembana. Bi Mkasi akanuna. Kumbe watu walikuwa wanavaa kwa kumwonea huruma siku moja tu? Au hazikuwapendeza? Lilimchoma.

Wiki ya nne nesi akamwambia yuko huru, afanye chochote apendacho. Na siku hiyohiyo shule zikafunguliwa. Bi Mkasi alikuwa mlangoni anafagia, Mwalimu wa Hesabu akatoka kwake mbio, amechelewa, ndevu amenyoa nusu. Na katika haraka hiyo alikuwa amevaa koti la sikukuu.

Bi Mkasi akaacha ufagio ukaanguka.

Mkono mmoja wa koti ulikuwa mweusi. Wa pili ulikuwa wa buluu. Kola ilikuwa pana upande huu, na upande ule imekwenda likizo. Vifungo vilikuwa vinne, kila kimoja kina ukoo wake, na mshono wa mgongoni, uliokwenda upogo toka shingoni hadi chini, ulishonwa kwa uzi wa kijani.

"Mwalimu!" akaita. "Simama hapo hapo!"

Mwalimu akageuka, akajitazama, akaona alichovaa. Hakusimama. Alishika begi lake akatimua mbio.

Bi Mkasi naye akatimua. Alipita kwa dereva, akapita dukani, akakata kona ya uwanja, kanga mkononi, raba za mumewe zinapiga lami. Watu wakatoka madirishani. Alimkamata kwenye geti la shule, akamshika kwa ule mkono wa buluu, na aliyekuwa anahema alikuwa Mwalimu.

"Mlijua?" Bi Mkasi akauliza.

"Tulijua, fundi. Tangu siku ulipotuletea."

"Wote?"

"Wote. Suruali ya dereva, mguu mmoja unamfika kwenye kifundo na mwingine unaburuta chini. Gauni la dada yako lina mifuko mitatu."

"Na mkazivaa?"

"Sikukuu nzima. Mimi hili nimelivaa mpaka kwa mkwe wangu."

Bi Mkasi akauvuta ule mkono wa buluu. "Mngeniambia! Ningezifumua, ningeanza upya. Kwa nini hamkuniambia?"

"Mwanzoni tuliona haya. Halafu dada yako akatueleza, tukaelewa. Tungekuambia ungelia, fundi. Ungelia usiku kucha, usilale, sukari ingepanda, na daktari angeondoka." Mwalimu akaurekebisha ule upande mmoja wa kola. "Tukasema tuvae tu. Sasa nesi si amesema uko huru kufanya lolote?"

"Amesema."

"Basi sasa lia."

Bi Mkasi akalia. Alilia na kucheka kwa pamoja, pale getini, ameng'ang'ania mikono yote miwili ya lile koti, mweusi na wa buluu, wanafunzi wamewazunguka wanatazama. Kengele ikapigwa, na Mwalimu, ambaye miaka ishirini hajawahi kuchelewa darasani, hakuinua hata mguu.